Kioo kipya cha OLED, nikishusha mwanga kichwa kinagonga. Mnaojua mambo ya PWM njooni

#1 Mhariri wa Usiku

Wakuu, heshima kwenu.

Kazi yangu ni kuhariri maandishi, na sehemu kubwa naifanya usiku watoto wakishalala. Karibuni nimebadili laptopu, nikachukua nyembamba yenye kioo cha OLED, kile ambacho kila nukta yake (pikseli) huwaka yenyewe. Weusi wake ni weusi kweli, rangi tamu, kila anayepita anasifia. Anayeumia ni mimi mwenye mali. Nikikaa nayo kwa muda, nyuma ya mboni panaanza kuuma, paji la uso linabana, na nikijikaza kinakuja kichefuchefu kama niliyesoma gazeti ndani ya basi.

Ile ya zamani, kioo kimefifia hadi aibu, naitumia mpaka alfajiri na siumwi popote. Macho nimepima, namba hazijabadilika. Nikauziwa miwani ya kuchuja mwanga wa bluu, nimeivaa, hali ni ileile. Nikaushusha mwanga wa kioo hadi robo ili nipumzishe macho, na hapo ndipo maumivu yakazidi. Hilo ndilo lililonileta hapa, maana nilitegemea kinyume chake.

Chapa siitaji, tusije tukageuza uzi kuwa wa Simba na Yanga za laptopu. Kioo chenyewe hakichezi hata kidogo kwa macho. Nini kinanipata?

#2 Kijiwe Nongwa

Uzee huo mkuu. Lala mapema.

#3 Soketi Tatu

Weka mandhari nyeusi, shusha mwanga mpaka chini kabisa. Mimi hivyo ndivyo ninavyoishi, sina shida na mtu.

#4 Kibatari

Mkuu @Mhariri, usimsikilize Soketi. Kwenye kioo cha aina hiyo, kushusha mwanga ndiko kunakokumaliza.

Iko hivi. Mwanga wa kioo hupunguzwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupunguza umeme unaokwenda kwenye taa, ikawaka kwa unyonge muda wote bila kukatika. Ya pili ni kuiacha iwake kwa nguvu, kisha kuizima na kuiwasha mara nyingi sana ndani ya sekunde moja. Ukitaka robo ya mwanga, inawaka robo ya muda, na robo tatu zilizobaki ni giza. Hii ya pili ndiyo PWM. Watengenezaji wanaipenda kwa sababu rangi hazichafuki. Pikseli ya OLED ukiinyima umeme haitulii: rangi inahama, na pikseli mbili zilizopakana zinaanza kutofautiana, kioo kinatoka madoamadoa penye kijivu. Ukiiwasha kwa nguvu na kuizima, tatizo hilo linapungua sana.

Kasi ndiyo kila kitu. OLED nyingi za laptopu zinapiga 240 Hz, yaani mara 240 kwa sekunde, nyingine 480. LCD, vile vioo vya kawaida vyenye taa nyuma, zinatofautiana mno: zipo zinazopiga 200 Hz hivi, zipo zinazopita 20,000, na zipo zisizopiga kabisa. MacBook Pro za 2021 zenye mini-LED (LCD yenye taa ndogondogo nyingi nyuma) zilipimwa zikipiga karibu 14,800.

Sasa rudi kwenye robo yako. Mwanga ukiwa juu, giza kati ya pigo na pigo ni fupi au halipo. Ukishusha, giza linarefuka, kasi inabaki ileile. Wewe umedhani unapunguza mwanga, kumbe umeongeza giza ndani ya kila pigo.

#5 Bishoo wa Data

Samahani lakini hii naona ni saikolojia. Jicho la binadamu haliwezi kuona 240 Hz. Sinema yenyewe ni fremu 24 kwa sekunde na watu wanatoka ukumbini wazima. Ukishasoma mtandaoni kwamba kioo kinaumiza, lazima kikuumize.

#6 Mwalimu Mstaafu

Vijana, salaam.

Mimi nimeanza kompyuta zama za vioo vya kitako kirefu. Ofisini kwetu zililetwa zikiwa zimewekwa 60 Hz, na kufika saa nane mchana nusu ya chumba wanaomba dawa ya kichwa. Akaja kijana mmoja akazipandisha zote hadi 85. Malalamiko yakaisha, na hakuna aliyeambiwa kimebadilishwa nini. Mimi mwenyewe nilijua baadaye.

Halafu juu yetu kulikuwa na zile taa ndefu za tyubu, zile zenye choki na stata. Nazo mzichunguze.

#7 Kibatari

Shikamoo mwalimu. Hizo tyubu umezitaja pazuri sana.

@Bishoo, tuanze na sinema. Fremu ni 24, ila mashine za filamu zilikuwa zinamulika kila fremu mara mbili au tatu, kwa hiyo mwanga unapiga 48 au 72. Walifanya hivyo makusudi, kwa sababu 24 tupu ingeonekana inakatika.

Ni kweli ukikodolea macho sehemu moja, juu ya 60 hadi 90 Hz hivi mwanga unaonekana umetulia. Lakini anayesoma hakodoi sehemu moja. Macho yanaruka kutoka neno hadi neno, mara tatu au nne kila sekunde. Jicho likiwa katikati ya mruko, mwanga unaowaka na kuzima hauachi mchirizi mmoja nyuma ya jicho, unaacha msururu wa alama zilizoachana. Mwaka 2013 watafiti Roberts na Wilkins walionyesha kwamba watu wanaweza kuziona alama hizo hata mwanga ukipiga zaidi ya 1,000 Hz. Kwa mhariri, ambaye kazi yake yote ni kurusha macho, hilo si jambo dogo.

Kuhusu saikolojia: Wilkins huyohuyo na wenzake walichapisha mwaka 1989 jaribio la taa za tyubu ofisini, Uingereza. Umeme wao ni 50 Hz kama wetu, kwa hiyo tyubu ya choki inapiga 100. Wakaziwekea baadhi vifaa vya elektroniki vinavyopiga 32,000 Hz, wafanyakazi wasijue lini ziko zipi. Maumivu ya kichwa na uchovu wa macho yalipungua kwa zaidi ya nusu. Asiyejua kimebadilishwa nini anajidanganyaje?

Na wahandisi wa IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, waliandika mwongozo mwaka 2015, namba 1789, kuhusu taa za LED. Kwa mwanga unaozimika kabisa kati ya pigo na pigo, wanataka kasi ipite 1,250 Hz ili hatari iwe ndogo, na ikipita 3,000 hawana neno. Kwa 240 Hz, kina cha mpigo, yaani mwanga unavyoshuka ndani ya kila pigo, wanataka kisizidi asilimia 19 hivi. OLED iliyoshushwa mwanga inazima kabisa, yaani asilimia 100. Mwongozo huo ni wa taa, si wa vioo, na haulazimishi kampuni yoyote. Ila hesabu ndiyo hiyo.

#8 Bishoo wa Data

Hiyo ya 1989 sikuwa naijua. Haya, na mbona mimi natumia OLED na siumwi?

#9 Kibatari

Kwa sababu watu hatufanani. Wenye kipandauso wengi wanaumizwa haraka, wengine hawahisi lolote maisha yao yote. Furahia OLED yako kwa amani.

#10 Fundi Fleksi

Nipo Kariakoo, vioo ndiyo ugali wangu. Naomba nitenganishe mambo mawili kabla watu hawajaanza kuharibu hela.

Kioo kinachocheza ukakiona kwa macho ni ugonjwa mwingine kabisa na alionao Mhariri. Wateja wananiletea wakisema kioo kimekufa, na mara nyingi ni fleksi tu, ule waya bapa unaopita kwenye bawaba kwenda kwenye kioo. Unakunjwa kila ukifungua na kufunga, siku ikifika unachoka. Fungua kifuniko polepole: kama kinacheza kwenye pembe fulani na kutulia kwenye nyingine, ni fleksi au soketi yake. Chomeka HDMI kwenye tivii. Tivii ikitulia huku kioo kinacheza, tafuta fundi wa kioo. Zikicheza zote mbili, ni grafiki au draiva. Kisha washa uingie BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, ukae humo kidogo. Isipocheza ndani ya BIOS, Windows au draiva ndiyo mshukiwa.

Ipo na nyingine rahisi ya Microsoft wenyewe: bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja. Dirisha litakalofunguka likicheza pamoja na vingine, ni draiva. Likitulia na vingine vinacheza, ni programu fulani.

Na wale wa jenereta: kikicheza ukiwa kwenye chaja tu na kutulia kwenye betri, acha kioo, angalia umeme na chaja yako.

Kingine kinachochanganya watu ni kioo kupanda na kushuka mwanga chenyewe ukihama kutoka ukurasa mweupe kwenda mweusi. Huo si ubovu. Ni mpango wa kuokoa betri ndani ya draiva ya Intel, kwa AMD unaitwa Vari-Bright, na Windows nayo ina wa kwake kwenye mipangilio ya mwanga. Zima, unatulia.

#11 Mhariri wa Usiku

Asante fundi. Changu hakichezi popote, iwe BIOS, betri au chaja. Kwa hiyo tunabaki na hoja ya Kibatari. Nathibitishaje bila vifaa vya maabara?

#12 Kibatari

Kalamu inatosha.

Zima taa za chumba. Fungua ukurasa mweupe mtupu ujaze kioo kizima, shusha mwanga hadi robo. Shika kalamu nyembamba mbele ya kioo uipunge kwa haraka kushoto na kulia, macho yatulie katikati. Kama mwanga umetulia utaona ukungu mmoja laini. Kama unapiga taratibu utaona kalamu nyingi zimepangana. Mkono ukienda mita 2 kwa sekunde na kioo kinapiga 240, kalamu hizo zinaachana milimita 8 hivi, huwezi kuzikosa. Kikipiga 20,000 zinaachana sehemu ya kumi ya milimita, kwa hiyo utaona ukungu tu.

Rudia mwanga ukiwa nusu, kisha ukiwa juu kabisa. Vioo vingi vinaanza kupiga chini ya kiwango fulani tu, na kujua kiwango hicho ndiyo faida kubwa ya jaribio lote.

Ukitaka kamera, nenda kwenye sehemu ya kupiga picha kwa mikono, weka shata 1/2000 au kasi zaidi, piga picha ya huo ukurasa mweupe. Mistari myeusi iliyopangana sawasawa ni mapigo. OLED mara nyingi itaonyesha mstari hata mwanga ukiwa juu, kwa sababu kioo kinajichora upya kila fremu. Mmoja mwembamba usikutishe.

Slomo ya simu itumieni kwa tahadhari. Slomo ya fremu 240 mbele ya kioo cha 240 Hz vinakwenda sambamba, mistari inasimama au inatambaa kidogo sana, na mtu anahitimisha kwamba kioo kimetulia.

#13 Mhariri wa Usiku

Nimejaribu jana usiku. Robo: kalamu zimepangana wazi kabisa, mke wangu naye ameziona bila kuambiwa atafute nini. Nusu: bado zipo. Juu kidogo ya robo tatu zikapotea. Ile laptopu ya zamani nimeipunga kote, ni ukungu tu.

Nikapunga na chini ya taa ya sebuleni. Kalamu zimepangana vilevile!

#14 Mwalimu Mstaafu

Nilisema mzichunguze.

#15 Kibatari

Mwalimu alishaona mbali. Globu za LED za bei chee hazina kifaa kizuri cha kutuliza umeme ndani, kwa hiyo zinapiga 100 Hz, mara mbili ya umeme wa TANESCO. Kwa kasi hiyo IEEE wanataka kina kisizidi asilimia 8. Kuna mtu ananunua laptopu ya tatu wakati adui ananing'inia darini. Dukani waombe wakuwashie globu kadhaa na uzipunge kalamu hapohapo. Ghali si lazima iwe nzuri, ila utaiona tofauti kwa macho yako.

#16 Kamau wa Luthuli

Wadau, salamu kutoka Nairobi. Sisi huku tunauziwa ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, unapewa dakika chache za kuangalia mashine na mwenye duka amekukazia macho. Kuna laptopu ambazo naweza kuambiwa hii nunua, hii wacha?

#17 Fundi Fleksi

Ndugu Kamau, jina la laptopu halikusaidii sana, na hapa ndipo watu wanapigwa. Kampuni moja, modeli moja, mwaka mmoja, lakini vioo vimetoka viwanda vitatu tofauti. ThinkPad, Latitude, EliteBook, zote ziko hivyo. Rafiki yako kasema yake haina shida, unanunua inayofanana nayo, unakuta kioo kingine ndani.

Soma kioo chenyewe. Weka HWiNFO, programu ya kusoma vifaa vya kompyuta, kwenye flashi, ifungue, nenda sehemu ya monita, utaona namba ya kioo. Au kwenye orodha ya vifaa vya Windows, kitambulisho cha monita kinaanza na herufi tatu: LGD ni LG, AUO ni AU Optronics, BOE ni BOE, CMN ni Innolux, SDC ni Samsung, IVO ni InfoVision. Ukishapata namba kamili, tafuta vipimo vyake. Tovuti ya Notebookcheck wanapima PWM kwa oskiloskopu, kifaa cha kuchora mapigo, kwenye laptopu wanazochambua na wanaandika na aina ya kioo walichokuta ndani. Linganisha namba yao na yako, siyo jina la laptopu.

Na ukivutiwa na EliteBook, angalia kama kitufe cha F2 kina alama ya kioo cha faragha. HP wanakiita Sure View, kimetengenezwa ili jirani asikuchungulie. Ukikiwasha, picha inakuwa na giza na weusi unachuja. Mwenye macho mepesi achukue isiyo nacho.

Ukishindwa yote hayo, kalamu mfukoni. Mwenye duka akicheka mwache acheke.

#18 Kamau wa Luthuli

Shukrani fundi, nimekupata vizuri. Kalamu iko tayari.

#19 Dada wa Lenzi

Habari za humu. Mimi ni mpimaji wa macho, naomba niongezee, maana naona PWM inaelekea kubebeshwa mizigo yote.

Wanaokuja kwangu wakilia na kompyuta, wengi macho yamekauka. Mtu akikodolea kioo, kupepesa kunapungua sana, na mara nyingi kope hazifungi hadi mwisho. Feni ikikupulizia usoni ndiyo imekwisha. Wengine wana astigmatizimu kidogo ambayo kwenye gazeti hawaihisi, kwenye kioo inawachosha. Na waliovuka miaka 40 wanahitaji lenzi za umbali wa kompyuta, ambao si umbali wa kitabu wala wa barabarani. Vitu hivi vipimwe kwanza.

Kuhusu miwani ya bluu, mwaka 2023 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, walipitia majaribio 17. Kwa uchovu wa macho wa kompyuta, hazikuonyesha faida ya muda mfupi ukilinganisha na lenzi za kawaida. Najua zinauzwa sana, na wenzangu wengine hawatapenda nikisema hivi.

Lakini @Mhariri, maelezo yako yana kitu: macho yaleyale, kazi ileile, kioo kimoja kinaumiza na kingine hakiumizi, na kinaumiza zaidi mwanga ukishuka. Hapo hata mimi ningekishuku kioo. Ila kichwa kikija ghafla kwa nguvu usizowahi kuziona, ukaona vitu viwili, au kona ya jicho ikaingia giza, laptopu iache mezani, nenda hospitali siku hiyohiyo.

#20 Soketi Tatu

Dada, mwanangu ana kifafa. Hii PWM inaweza kumwangusha?

#21 Dada wa Lenzi

Pole mama. Mwanga unaoamsha kifafa kwa wale wenye kuathiriwa na mwanga ni wa taratibu, kati ya mara 3 na 30 hivi kwa sekunde, yaani ule unaoonekana wazi ukimulika. Lile tukio la katuni ya Pokémon kule Japani, Desemba 1997, watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali, lilikuwa nyekundu na bluu zikibadilishana mara 12 hivi kwa sekunde. Kioo cha 240 kiko mbali na hapo. Kinachohitaji uangalizi ni michezo na video zenye kumulika, na laptopu yenye fleksi mbovu ambayo kioo chake kinacheza kweli. Hiyo asiitumie. Na si kila mwenye kifafa anaathiriwa na mwanga. Daktari wake anaweza kumpima kujua.

#22 Soketi Tatu

Ahsante sana dada yangu. Ni baba, lakini hakuna shida 😀

#23 Kibatari

Sasa dawa kwa Mhariri. Umesema juu ya robo tatu kalamu zinapotea. Basi kioo kiache hapo, kisishuke tena kwa vitufe vya mwanga. Giza ulitafute kwa programu, yaani pikseli zenyewe zichorwe kwa rangi hafifu huku taa ikibaki pale ilipo. ASUS za OLED zina kitelezi cha hivyo ndani ya MyASUS. Kwa nyingine tumia programu yoyote ya kufifisha picha. Utapoteza kidogo ubora wa sehemu za giza, kwa kuhariri maandishi hutaona tofauti.

Kisha sahau mandhari nyeusi usiku ndani ya chumba cheusi. Washa taa nzuri nyuma ya meza, isiyopiga, ili kioo kikiwa juu kisikuchome.

Kama bado kunauma, nunua monita ya LCD iliyopimwa kuwa haipigi, uandikie hapo, OLED ibaki ya sinema. Monita ya aina hiyo iliyotumika ni nafuu kuliko kubadili laptopu. Za wino wa elektroniki zipo pia, Dasung na Boox, kwa maandishi ni raha, bei yake ndiyo kichwa kitakuuma upya.

Ipo na kesi ya wachache: mwanga hauwaki na kuzima, lakini bado wanaumia. Vioo vya rangi za biti 6, vyenye rangi chache kuliko vya biti 8, vinaigiza rangi zisizokuwepo kwa kubadilisha kila pikseli kati ya rangi mbili zilizo jirani, fremu kwa fremu. Kadi ya grafiki nayo inaweza kufanya hivyohivyo. Kwenye Mac za chipu za Apple ipo programu ndogo, Stillcolor, inayozima jambo hilo upande wa grafiki. Ushahidi hapa ni mwepesi kuliko wa PWM, mimi naliweka mwisho kwenye foleni. Jaribu tu kama mengine yote yamegoma.

#24 Bishoo wa Data

Nimeipunga kalamu kwenye yangu. Zimepangana kama za Mhariri, na bado siumwi. Naacha ubishi, ila laptopu siuzi.

#25 Mhariri wa Usiku

Bishoo, usiuze. Ya kwangu nimeiacha asilimia 80, nafifisha kwa programu, na globu ya sebuleni nimebadili. Kichefuchefu hakijarudi. Macho bado yanachoka nikipitiliza, ila ni uchovu wa kazi ninaoujua. Mwisho wa mwezi natafuta monita. Fundi, ukipata LCD ya inchi 24 iliyotulia niwekee.

#26 Fundi Fleksi

Ninazo mbili zimeingia wiki hii, zote zina kibandiko cha "haipigi". Kibandiko hakinihusu. Njoo mchana na kalamu yako, tutazima taa za duka.